Mbuzi wa Mzee Masanja na Somo la Uzazi

Mdogo wangu Stella,

Mwangaluka! Ndivyo wanavyosalimiana asubuhi huku Bariadi. Jana tulifundisha uzazi wa mpango pale wanunuzi binafsi wanapopimia pamba siku hizi. Wanawake walijaa, maana binti mmoja wa hapo alikunywa mizizi atoe mimba, nusura afe. Ila hakuna aliyethubutu kunitazama. Nikalivalisha gunzi kondomu. Kabla sijasema neno, mbuzi wa Mzee Masanja akalinyakua na kutafuna vyote viwili.

"Nesi!" mzee akapiga kelele. "Sasa huyu atazaa kweli?"

"Inavaliwa, baba, hailiwi!"

Watu walicheka hadi wakaangukia magunia ya pamba. Hata katekista, aliyekuja kutupinga, alifuta machozi. Kicheko kilipotulia, mama wa yule binti akauliza, "Na wangu mtamfundisha, au mtamfukuza kwa kuwa hajaolewa?"

Nikamwambia amlete zahanati. Leo amekuja naye wameshikana mikono, na nyuma yao wasichana wengi hadi benchi likajaa.

Msalimie mama, mwambie michembe, viazi vitamu vya kukaushwa vya huku, inaninenepesha. Nawakumbuka mno.

Dada yako,
Agnes