Mama Punje, Fundi Viatu Wetu

Mwaka umepinduka, mwanetu, tangu ulipotangulia ukatuachia mtoto mwepesi kuliko jozi ya viatu, na msiba mzito ambao mpaka leo tunapokezana kuubeba.

Tunakuandikia sisi watu wa nyumbani. Kalamu ameishika mama mkwe wako, maana mumeo kila akianza anafika kwenye jina lako na karatasi inalowa. Mkweo shule yake iliishia la saba, kwa hiyo ukikuta makosa, cheka kimoyomoyo kama ulivyozoea, ukijifanya unatafuta msumari ulioanguka.

Chumba chako cha kazi pale kona bado kinanuka gundi na ngozi. Ulikuwa ukigonga soli, misumari midogo umeibana mdomoni, na bado unaongea. Mteja akileta kiatu, ulikigeuza kwanza ukatazama kisigino, ukamwambia anavyotembea, na wakati mwingine anavyoishi: huyu ana haraka, huyu anaburuta mguu, huyu anarudi nyumbani kwa kunyata. Wake za watu walikuwa wanakuletea viatu vya waume zao visivyo na tatizo lolote.

Ulipoolewa, mkweo aliwaambia majirani kwamba mwanawe kaleta bibi harusi mwenye nyundo, sasa nani atathubutu kumtuma maji. Maneno yakakufikia. Ukamshonea viatu vipya, kisigino kimoja ukakizidisha kidogo tu, akatembea navyo akilalamika kwamba uzee umemwingia kiunoni. Pwagu alikuwa amepata pwaguzi. Tangu hapo mkapendana.

Mimba ilikuja baada ya kungojwa sana, ikaja wakati wa korona. Ilipofika mwezi wa saba ukaanza kutweta ukipanda ngazi. Ukasema mtoto anasukuma mbavu. Sote tukaafiki, kwani nani hajawahi kumwona mjamzito akihema? Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Daktari alitueleza baadaye kwamba mwenye mimba anapumua kwa ajili ya wawili, na korona ikimkamata inaweza kumwelemea upesi kuliko mwingine. Wajawazito mnaosoma kumbukumbu hii gazetini, homa ikija au kuhema kukizidi, msijipe majibu wenyewe. Nendeni mkapimwe.

Pumzi yako ilipopungua wakakupasua, mtoto akatolewa kabla ya wakati wake, ili nyote wawili mpate nafasi. Wewe ukapelekwa wodi ya waliotengwa, hewa ya mtungi usoni. Yeye akapelekwa chumba cha njiti, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nesi wa chumba hicho alimtazama akasema, punje kabisa hii, na jina likamganda. Walimpima, wakakuta hana ugonjwa. Tatizo lake lilikuwa udogo tu: mapafu machanga, na joto la mwili lisilokaa.

Ulimkamulia maziwa, kidogo kidogo, mikono umeosha na barakoa umevaa, na mumeo akawa tarishi wa kuyapeleka. Sasa mumeo unamjua, mwoka mikate. Aliogopa korona isije ikamfuata mtoto ndani ya kikombe. Akapitia jiko la nyuma, pale ndugu wa wagonjwa wanapochemsha chai, akayachemsha maziwa yako mpaka yakafanya utando. Nesi alipoyaona akashika kiuno. Akamweleza kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye maziwa ya mama, na kwamba moto umeharibu kinga ambayo mtoto alikuwa anaihitaji. Mumeo akajitetea kuwa kazini kwao kila kinachopita motoni kinatoka salama.

"Basi, baba, na mtoto tumtie tanurini?" nesi akamuuliza.

Ulipohadithiwa kwa simu ulicheka mpaka mashine ikapiga kelele na wauguzi wakaja mbio. Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho tulichokisikia, na tunamshukuru mumeo kwa ujinga wake. Mkweo anasema amemzaa mwenyewe, hana wa kumlaumu.

Lakini joto la Punje likawa bado linashuka. Nesi akasema anahitaji kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha, la sivyo hatamaliza wiki. Kifua chako kilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Cha mumeo kikaanza kukohoa, akarudishwa nyumbani. Wifi yako alikuwa mjamzito naye, hakuruhusiwa kusogea. Mama yako alikuwa mbali, asingewahi kufika. Akabaki mkweo. Daktari akazitazama mvi zake, akamwambia watu wa umri wake ndio wanaoambiwa wakae mbali na hospitali.

"Mimi nimeshakula miaka yangu, daktari," mkweo akasema. "Huyu hajaonja hata mwezi. Nipime, nivishe unachotaka, kisha nipe mjukuu wangu."

Akapimwa, akanawishwa, akavishwa barakoa, akafungiwa Punje kifuani kwa kitambaa. Kifua chenyewe mbavu tupu, ila moto kilikuwa nao. Nesi wa wodi yako akakushikia simu, ukawaona. Hukuweza kusema mengi. Ulivuta pumzi, ukapumzika, ukavuta nyingine.

"Mama, mbebe mpaka nitoke. Na usimweke chini ukapige soga."

"Wewe toka tu," mkweo akajibu. "Utamkuta hapa hapa."

Baada ya hapo mashine ndiyo ikawa inakupumulia, na asubuhi moja haikuwa tena na wa kumpumulia. Mkweo aliambiwa akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, Punje kifuani. Hakupiga yowe, kwa sababu mtoto alikuwa amelala, na nesi alikuwa amesema usingizi ndio unaomnenepesha. Alilia bila sauti, machozi akiyazuia yasimdondokee mtoto.

Punje ameishi, mwanetu. Alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa, na daktari anasema tusimharakishe, njiti wana saa yao. Sasa anashika ukuta anasimama, anawatazama wageni kuanzia miguuni kwenda juu, mpaka watu wazima wanaona haya.

Wanakukumbuka: mumeo, ambaye leo ameunguza mikate na hakuna aliyemsema, mama yako na baba yako, wadogo zako, wifi yako, aliyekwenda kupimwa mapema kwa ajili yako akajifungua salama, na wateja wako, wanaotembea na soli zilizokwisha kwa sababu hawataki fundi mwingine.

Na mkweo. Majirani wanamwambia anamdekeza mtoto, kutwa yuko mgongoni, amshushe azoee chini. Anawasikiliza, anawaitikia. Lakini wewe ulisema ambebe mpaka utoke, na hukutoka. Basi anaendelea kumbeba.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, mwanetu.