Sindano ya Lori la Kijiji

Misima, Handeni
4 Agosti 1974

Shikamoo mjomba Mwinjuma,

Pokea salamu za huku kijijini. Mwantumu na tumbo lake hawajambo, mimi pia mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Mkaza-mjomba Swaumu hajambo?

Mjomba, lori la kijiji linanitesa. Nikitoka Korogwe na mahindi ya njaa, sijafika hata nusu ya njia, sindano ya joto inapanda mpaka kwenye nyekundu. Nasimama, nafungua rejeta, maji hayachemki. Nangoja ishuke, naondoka, inapanda tena. Juzi nimelala porini na magunia, huku watu kijijini wanachimba mizizi ili wale. Mwenyekiti wetu, Ndugu Semboja, akaniambia mbele ya watu: "Salimu, dereva anayechelewesha chakula cha wananchi anafanya hujuma." Unajua neno hilo linampeleka mtu wapi. Wewe ni fundi. Nishike mkono.

Mpwa wako,
Salimu

Kwamndolwa, Korogwe
9 Agosti 1974

Mpwa wangu Salimu,

Marahaba. Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Swaumu anamsalimu sana Mwantumu, anasema asibebe kuni.

Sasa sikiliza. Nyuma ya injini, upande wa juu, kuna kidude cha shaba chenye waya mmoja. Hicho ndicho kinachopima joto la maji na kuiambia sindano. Sindano ikipanda, chomoa ule waya. Ikibaki juu, waya umechubuka unagusa chuma mahali. Ufuate mpaka upaone. Ikianguka, waya ni mzima na kidude ndicho kibovu. Nimekufungulia kingine kwenye lori bovu hapa karakana ya mkonge, nimempa kondakta wa basi.

Na kama rejeta haichemki, na mpira wa maji unashikika kwa mkono bila kukuunguza, achana na sindano. Amini mkono wako.

Mjomba wako,
Mwinjuma

Misima
21 Agosti 1974

Shikamoo mjomba,

Tupo, njaa ndiyo inatusalimia asubuhi. Kidude nimekipata. Nilipochomoa waya sindano ilianguka kama ulivyosema, nikafurahi mno. Nikafunga hicho kipya. Safari ya kwanza ikatulia. Ya pili, sindano ikapanda kuliko mwanzo!

Nimeogopa hata kumwambia Semboja. Basi nimeshika neno lako. Mpira unashikika, rejeta imetulia, nimeifunika geji yenye ile sindano kwa kitambaa, naendesha. Watu wamepata mahindi, na leo mwenyekiti amenipa mkono. Shida ni maji tu. Visima vimekauka, rejeta naijaza maji ya lambo, mazito kama uji. Lakini ndiyo hayo hayo tunayokunywa.

Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Siku ikifika nitampeleka Mwantumu hospitali ya Korogwe kwa lori hilihili.

Mpwa wako,
Salimu

Kwamndolwa
27 Agosti 1974

Salimu,

Salamu zitakuja baadaye. Toa hicho kitambaa! Usiliwashe lori!

Nimesoma "maji ya lambo", chakula kikanishinda. Vidude viwili haviwezi kusema uongo mmoja. Tope limetuama nyuma ya injini, palepale kidude kinapopima. Mbele maji ni vuguvugu, nyuma chuma kinaungua. Sindano ilikuwa inasema kweli. Mimi ndiye niliyekudanganya, nimekaa huku mbali, sijaligusa hilo lori hata kwa kidole. Fungua nati ya kumwagia maji ubavuni mwa injini, chokoa kwa waya mpaka yatoke safi. Nimemsihi kondakta asilale na barua hii.

Mjomba wako,
Mwinjuma

Kituo cha Polisi, Handeni
6 Septemba 1974

Shikamoo mjomba,

Barua yako imenifikia huku ndani. Uchungu ulimshika Mwantumu kabla haijafika Misima. Tulimlaza juu ya magunia matupu, nikaendesha. Hatujafika mtoni, injini ikalia kama chungu kinachopasuka, ikazima. Nikaenda mbio kuita watu. Wanaume wa kijiji cha jirani wakambeba kwa kitanda mpaka hospitali.

Mwantumu yu hai, damu imemtoka sana. Nenda ukamwone. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Semboja aliwaleta askari. Wamekiona kitambaa. Kila siku wananiuliza, "Nani alikwambia usiiangalie geji?" Sijamtaja mtu, mjomba, na sitataja.

Mpwa wako,
Salimu

Handeni
15 Septemba 1974

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo hiyo sikuistahili.

Wewe uko chumba cha pili na hawaturuhusu kuzungumza, ila askari mmoja amekubali kukupa karatasi hii. Mwantumu ameanza kukaa kitandani, amekunywa uji. Sikuweza kumtazama. Nikatoka pale nikapanda basi, nikaja kuwaambia hawa askari, "Fundi ni mimi. Dereva alifuata neno langu." Mkubwa wao akatazama mvi zangu, akasema, "Mzee, unajua unachokisema?" Nikamwambia najua.

Kesho unatoka. Mimi nabaki mpaka hakimu aje. Usisimame mlangoni kunililia. Nenda kwa mkeo, mshike, mlieni mtoto wenu pamoja.

Kisha pita Kwamndolwa. Mkaza-mjomba wako anajua nimekwenda hospitali kumwona mgonjwa, na ameniwekea chakula. Asisikie kwa watu wa barabarani. Mwambie wewe, Salimu. Mwambie akiwa amekaa.

Mjomba wako,
Mwinjuma