Dari la Chumba cha Kaka Yako

Incheon, 4 Machi 2012

Mwanangu Mirye,

Hujambo? Mjukuu wangu Daon hajambo? Na baba yake huko kwenye kiwanda cha meli wanamlisha vizuri? Mimi ni magoti tu, ila kwenye ngazi bado nawapita vijana. Usishangae kupata barua. Simu nimeiacha, maana kaka yako anasema sauti yangu inapenya ukuta na kumtoa sheria kichwani. Basi naandika. Elimu yangu ni darasa la sita hilohilo, lakini kumbuka mwalimu alikuwa akiwaonyesha wenzangu daftari langu.

Habari kubwa ni dari. Mwezi wa Juni kaka yako Taesik anafanya mtihani wa ujaji mara ya tano, na safari hii anapita. Nimeshawaambia wa kanisani waanze kuzoea kuniita Mama Jaji. Tatizo liko ghorofa ya tisa, juu ya vichwa vyetu. Kahamia mwanamke ana mtoto wa kiume wa miaka minne, Ujin, anatembea kwa visigino kama anaponda vitunguu saumu.

Nikaita fundi. Kafumua dari lote la chumba cha Taesik, kashindilia pamba ya mawe, kapiga jipsamu tabaka mbili, kaziba kila ufa kwa mpira. Mlango nao kauvisha sponji. Majirani walikuja kutazama, nikawapa kahawa. Ukiingia chumbani humo masikio yanaziba kama umezama majini. Redio ya jirani, kimya. Mbwa wa fleti namba mbili, kimya. Lakini visigino vya Ujin, du! du! du! vilevile. Fundi ananiambia, "Mama, maneno yanapita hewani, hayo nimeyazuia. Nyayo zinapita ndani ya zege. Dawa yake ni kwenye sakafu ya juu, siyo dari lako."

"Basi nitapanda huko juu mwenyewe," nikamwambia.

Nimeshapanda mara tatu. Mtu wa kunishinda mimi hajazaliwa.

Mama yako


Gumi, 19 Machi 2012

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Taesik namwombea. Baba Daon bado analala bweni la wafanyakazi kule Geoje, amesema nyumba watampa Julai. Kwa hiyo tuko wawili tu.

Mama, na mimi nina mtu wa chini. Mzee mmoja aliyestaafu. Daon akishuka tu kitandani, yeye anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Nimetandika sponji nyumba nzima mpaka jikoni. Miguu ya viti nimeivisha mipira ya tenisi. Daon namvalisha ndara nene kama mikate. Jana nikamkuta mzee kwenye lifti, nikamwamkia kwa heshima. Mlango ulipofunguka akasema, "Mfunge kamba," akatoka.

Huyo mwanamke wa juu mpunguzie, mama. Pengine naye katandika sponji.

Binti yako,
Mirye


Incheon, 15 Aprili 2012

Mwanangu,

Hali zenu? Hapa maua yamechanua na mimi nimepata dawa. Lakini kwanza, usimfananishe Daon na yule farasi. Daon ni damu yetu, mwepesi kama unyoya.

Dawa yenyewe ni spika ya duara. Unaisimamisha juu ya nguzo mpaka ibane dari, uso unatazama juu, hivyo wewe uliye chini husikii sana, anayesikia ni yule. Nimeifunga sebuleni. Taesik akienda maktaba asubuhi naweka mahubiri ya mchungaji wetu, sauti mpaka mwisho, nafunga mlango, napanda zangu mlimani na wenzangu wa kwaya. Mahubiri ya muda wa saa tano mfululizo! Hata kanisani hatuyapati.

Alhamisi Mama Ujin kashuka. Macho mekundu, mkononi keki za mchele zenye maharage. Kapiga magoti mlangoni, magoti kweli, siyo ya kutania. "Mama, nakuomba. Sponji nimeweka tabaka mbili. Mtoto hana ubaya, ni mtoto tu."

Nikamwambia, "Wangu atakuwa jaji. Wako atakuwa nini, wa kukimbia mbio za farasi?"

Waliokuwa wanasubiri lifti walicheka mpaka mmoja akaangusha mfuko wa vitunguu. Keki nilimrudishia. Zilikuwa ngumu hata hivyo.

Huyo mzee wako usimwombe radhi. Mwambie kaka yako ni jaji, uone atakavyonywea.

Mama Jaji


Gumi, 8 Mei 2012

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje?

Mzee kanunua spika. Ni ileile, mama, ya duara, ya kusimamisha juu ya nguzo. Yeye anaweka kilio cha mtoto mchanga. Anawasha asubuhi, anafunga mlango, anakwenda kuvua samaki. Maji kwenye bakuli yanatetemeka. Nimepiga simu kwa wasimamizi wa jengo, wakanijibu, "Zungumzeni kijirani."

Daon hatembei tena kwa wayo. Anatembea kwa ncha za vidole, na akitaka kitu anakuja kuninong'oneza sikioni. Hata maji. Hata nikiwa naye sebuleni peke yetu. Sikumfundisha mimi.

Tunaomba tuje kwako mpaka Julai, baba yake apate nyumba. Tutalala sebuleni, na hiyo spika utaitoa tukiwepo. Mama, niliacha shule ili Taesik asome, na sijawahi kulitaja. Leo nalitaja. Tutapanda basi tarehe ishirini na sita.

Binti yako,
Mirye


Incheon, 2 Juni 2012

Mwanangu Mirye,

Mmefika salama? Sikuwasindikiza kituoni kwa sababu saa ile Taesik anakunywa supu yake. Mabegi nilikufungia kwa mikono yangu ili usichoke, natumaini umeziona pilipili nilizokutilia.

Mwambie Daon bibi anamsifu kwa kila mtu. Siku nne ndani ya nyumba, kaka yako hakujua kama kuna mtoto! Siku ya pili ananiuliza, "Mirye kamwacha wapi binti yake?" na Daon huyo hapo, kasimama nyuma ya mlango wa jikoni kwa vidole. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo. Wewe ulipotoka kwenda dukani nikamshika mkono, nikapanda naye kwa Mama Ujin. Nikamwambia, "Tazama. Miaka mitatu tu huyu. Mtoto hulelewa hivi." Yule mwanamke akachuchumaa akamwuliza Daon, "Nani kakufanyia hivi, mwanangu?" Umeiona jeuri hiyo?

Habari ya supu ya mwani usiiweke moyoni. Najua ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Daon, na kila mtoto siku hiyo hupikiwa. Lakini mwani unateleza, na nyumba yenye mtu wa mtihani haipiki kinachoteleza, asije naye akateleza. Hilo unalijua tangu utoto. Nilimpa wali mweupe akala wote bila kugonga kijiko.

Na kule kulia kwake usingizini, mchana ule wa mwisho, sikukasirika mimi. Ni Taesik alitoka chumbani kakunja uso, na mtihani umebaki wiki tatu. Ungekuwa mimi ungefanya nini zaidi ya kuwarudisha Gumi? Mzee wako wa Gumi ni mtu mzima, atachoka mwenyewe. Mtihani ukipita mje hata mwezi mzima, nitampikia sufuria mbili za mwani.

Mama yako akupendaye


Incheon, 16 Septemba 2012

Mwanangu,

Hii barua ya nne bila jibu. Anwani ya Geoje kanipa shangazi yako. Kumbe mmepata nyumba tangu Julai, nikamwambia nilijua, ila nilisahau. Mko wazima? Daon karefuka?

Habari za ushindi: Mama Ujin kahama! Fleti ya juu tupu, hata panya hakuna. Spika nimemwazima mke wa mchungaji, naye ana watu juu. Taesik hakupita, lakini kwa alama chache tu, waliopita wengi wamebahatisha. Anaanza upya.

Sasa kimya kilivyo humu ndani, hujawahi kukisikia. Taesik akasema anasikia saa ya ukutani, nikatoa betri. Akasema friji, nikaizima, nanunua chakula cha siku moja moja. Akasema kijiko changu. Sasa nakula kwenye ngazi za dharura, nina kimto changu cha kukalia, wakipita majirani nawaambia napunga upepo. Akasema magoti yangu yanalia nikiinama. Ni kweli yanalia. Jumanne akaniambia, kwa adabu zake unazozijua, "Mama, ukipumua nasikia." Masikio ya namna hiyo nani anayo? Jaji lazima awe na masikio.

Nimesikia nyumba yenu ni ya chini kabisa, ya ardhini. Nije nikae kidogo, mpaka mtihani ujao. Nitawachachushia kabichi ya kimchi ya majira yote ya baridi, mkono wangu unaujua. Nitakulelea Daon. Mwambie bibi anakuja. Mimi siku hizi sina kelele kabisa, mwanangu, hutajua kama nipo.

Mama


Geoje, 3 Oktoba 2012

Mama, shikamoo.

Barua zako zote nne zimefika. Sisi wazima, baba Daon anakusalimu. Chini ya sakafu yetu ni udongo tu.

Miezi miwili Daon alitembea humu kwa vidole. Baba yake akitoka kazini alikuwa anavua viatu, anasimama katikati ya chumba na kukanyaga sakafu kwa nguvu zake zote, mtoto aone kwamba hakuna anayegonga. Majirani walidhani kalewa. Wiki iliyopita Daon akaruka mara moja, akasubiri. Akaruka tena. Sasa anaruka tangu anapoamka, na anaimba, kwa sauti mbaya, mama, mbaya kabisa.

Jana baba yake alitusomea barua yako. Daon alikuwa anarukaruka na sahani yake ya bati kichwani. Alipofika pale pa "bibi anakuja", Daon akaishika sahani kwa mikono miwili, akaiweka chini polepole, akanyanyua visigino.

Usije.

Binti yako,
Mirye