Mtoto Hakai Eda

Baba Zuhura,

Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko. Mimi nimetoka eda Jumamosi, na mwanao leo asubuhi amerudi shule. Nataka hayo mawili uyasikie kwangu mimi, mume wangu.

Hukujua kwamba aliacha shule. Ungejuaje, na aliacha kwa sababu yako. Ile siku ulipoanguka kazini, jina lake liliitwa kwenye spika ya darasani, aje ofisini na mkoba wake. Akamkuta dada yako amesimama pale, macho mekundu. Tangu hapo spika ikilia tu, hata wakitangaza chakula cha mchana, Zuhura anabeba mkoba na kwenda kusimama mlangoni. Koti havui kutwa. Mwalimu wake, mama wa watu, ndiye aliyenipigia simu kunieleza.

Na mimi nimo ndani, nakaa eda kwenye fleti yetu hii ya Columbia Heights, huku ugenini, nguo zisizo na pambo, bila hina, bila manukato. Nikaona kama mimi nimo ndani, basi naye akae ndani. Nikawaandikia shule kwamba nitamsomesha nyumbani kwa muda, mpaka nitoke. Dada yako alipoleta chakula kutoka kwake Blaine alinijia juu: "Wifi, mtoto hakai eda! Na wewe uliyeishia kidato cha pili utamfundisha nini, kusonga sima?"

Nikamwambia, "Hata sima ina vipimo."

Tulisoma, Baba Zuhura. Ananisomea vitabu vyake vya Kiingereza, mimi namsahihisha Kiswahili. Hesabu tulifanyia jikoni, kwa unga wa mahamri. Siku moja nikamgawia mafungu, akaniambia kwa Kiingereza chake kile kwamba mwalimu wao hafanyi hivyo. "Hapa mwalimu ni mimi," nikamjibu. Akacheka. Kicheko chako, kile cha puani. Ikabidi niende nikafungue maji ya bomba, asinisikie.

Koti akalivua mwenyewe. Sikumwambia. Nilikuta tu limeangukia nyuma ya kochi.

Halafu Jumamosi wanawake wakaja kunitoa eda. Nikaoga, wakanivisha gauni jipya, wakanifukiza udi. Zuhura akatoka chumbani, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Basi? Baba ameisha?"

Kwa Kiswahili. Yeye ambaye kila kitu hunijibu kwa Kiingereza. Kisha akaenda akavaa koti. Shule harudi, alisema. Mimi nitoke eda yangu nikitaka, yeye ya kwake hajamaliza.

Ningeweza kumweka mwaka mzima. Wallahi nilitaka. Nyumba hii mchana bila yeye sijui nitaikalia vipi. Lakini nilimwona mtoto wa miaka minane amejikunyata kitandani kama mjane, nikaogopa.

Nikamwambia, sikiliza mwanangu. Eda ni ya mke, ndiyo maana ina mwisho. Wewe ni binti. Hakuna siku watu watakuja hapa na udi wao kukutoa kwenye ubinti wa baba yako. Cheka, cheza, msahau hata siku nzima, bado ni baba yako. Lakini Jumatatu unakwenda shule, na hilo hatujadiliani.

Alilia mpaka akalala mapajani mwangu. Mguu ukafa ganzi, sikuuondoa.

Leo nimesimama naye kituoni, theluji inayeyuka, viatu vimelowa. Basi lilipotokea akaninong'oneza niende zangu, watoto wenzake wananiona. Niende zangu! Nimefurahi, nimeumia. Akapanda, hakugeuka.

Na mimi nimerudi ndani nikafunga mlango. Tangu ufe sijapata kulia kwa sauti, maana mtoto alikuwa hapa, chumba cha pili. Leo nimelia, Baba Zuhura. Nimekuita kwa jina lako, lile ambalo sikukuita tangu tulipomzaa. Hukuitika.

Pumzika, mume wangu. Nimekukabidhi kwa Mungu, na wewe umeniachia huyu. Najua zitakuja asubuhi atakazosema haendi. Nakuahidi, nitalia naye kwanza, kisha nitamfunga kamba za viatu, na tutashuka ngazi.

Mkeo,
Mama Zuhura