Mshale wa Geji Ulirudi Nyuma

Jumapili, Kendwa. Jua la leo halina huruma, na mimi pia sina. Nimekaa barazani tangu asubuhi, saa ambazo siku nyingine kompresa ya kujazia hewa ingekuwa inanguruma masikioni mwangu.

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kujaza hewa mitungi ya wapiga mbizi. Ukiujaza mtungi haraka unapata moto, na hewa ya moto inasukuma zaidi. Mshale wa geji, kile kipimo cha msukumo wa hewa, unapanda mpaka mia mbili, alama ya mtungi uliojaa, nawe unadhani umemaliza. Mtungi ukiingia baharini ukapoa, mshale unarudi nyuma. Hewa ni ile ile, haikuvuja wala hapana aliyeichukua. Ndiyo maana tulikuwa tukijaza polepole, mtungi ukiwa ndani ya pipa la maji.

Pipa hilo bosi aliliondoa mwanzo wa msimu. Alitaka mitungi iwahi boti ya kwanza.

Alhamisi mgeni mmoja aliishiwa na hewa chini, mapema kuliko wenzake. Alipanda salama akipumulia mtungi wa kiongozi wake, lakini alifika pwani anatetemeka. Bosi akaniita mwizi mbele ya watu, eti napunja hewa ili niuze dizeli ya kompresa.

Mwizi. Mimi.

Kiongozi mwenyewe ni Haji, mtoto wa ami yangu, tumekula sahani moja Tumbatu. Kila wiki huwachorea wageni ubaoni habari hii hii ya joto na hewa. Nilimtazama aseme neno. Akainama, akakung'uta mchanga miguuni.

Jana nikajitetea mwenyewe. Nilijaza mtungi kwa haraka wanayoitaka, nikawaonyesha geji: mia mbili. Nikautia kwenye tangi la kusuuzia vifaa, tukangoja. Mshale ukashuka mpaka mia na themanini, na kila mtu aliona. Sikufichi, shajara, nilisikia raha.

Bosi akanitazama kwa utulivu. "Kumbe ulikuwa unajua," akasema. "Ulijua, na mgeni ukampa mtungi ule."

Akaniambia nisirudi tena.

Tangu hapo namtukana moyoni na matusi hayanikai. Pipa aliliondoa yeye. Lakini msimu mzima ni mimi niliyejaza mitungi ya moto, nikaandika mia mbili kwa chaki, nikanyamaza nisipoteze kazi. Haji alinyamaza siku moja.

Mchana huu amekuja, akasimama uani.

"Kompresa nshapewa mie, kaka," akasema. "Pipa bado halijarudi."

Nikamuuliza kama atamwambia bosi. Akainama, akakung'uta mchanga miguuni.

Boti ya kwanza ya kesho inatoka saa tatu. Saa mbili nitakuwa pwani, na wageni nitawaambia waiguse mitungi kabla hawajaivaa.