Kitabu Kilichofumuliwa

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepungua kuuma na cherehani haijakususia. Mimi nipo tu.

Hapa kiwandani tunafua mashuka ya hoteli, kutwa nzima kwenye mvuke. Nilidhani nikienda mbali baada ya kumzika mwanangu nitapata kupumua. Kumbe nimekuja naye. Likitoka shuka dogo kwenye mashine, naona lake. Chakula hakipiti, Mama. Nikilala naomba nisiamke. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine. Usimwambie shangazi, atakuja kulia hapo kwako mpaka umpikie.

Uliuliza kama unitumie kile kitabu cha Baba. Usijisumbue. Kitabu kizima sina nguvu ya kukifungua.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Miguu hii hainifikishi hata sokoni, la sivyo ningekuwa mlangoni kwako sasa hivi. Najiona bure kabisa.

Umesema kitabu kizima huna nguvu nacho. Haya. Nimechukua wembe wangu wa kufumulia nguo, nikakata nyuzi za mgongoni, kurasa zikatoka mafungu mafungu. Baba yako angeona, angenifukuza. Hili hapa fungu la kwanza, jembamba, hata mgonjwa analiweza. Ni yule mjane anayevuka milima na punda wake kiziwi. Baba yako kila alipotusomea ulikuwa unasinzia kabla hajamaliza, kwa hiyo mwisho huujui.

Ukimaliza, niandikie nitume lingine. Usiponiandikia, situmi. Unanijua: hata gauni la bibi harusi, kifungo cha mwisho sikishoni mpaka mwenyewe aje asimame mbele yangu, nione limemkaa.

Kula, mwanangu. Hata vijiko viwili.

Mama yako


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Fungu la tatu limefika, limekunjwa vibaya lakini lipo lote.

Sikuwa na nia ya kumsomea mtu. Nilikuwa nasoma kitandani, mwenzangu mmoja tunayemwita Msumari, kwa sababu hapindiki, akauliza karatasi gani hizo zisizo na jalada. Nikamsomea ukurasa mmoja ili aniache. Badala ya kuniacha akaita wengine. Sasa chumba kizima tunakaa chini katikati ya vitanda tukitoka zamu, na mpishi wa bweni letu anakuja na aproni yake inayonuka vitunguu. Wanagombana kweli kweli. Msumari anasema yule mjane hana akili, mtu mzima unamsimuliaje siri zako punda asiyesikia? Mpishi akamjibu, "Ndiyo maana anamsimulia."

Wameweka sheria: hakuna kusoma kama mmoja wetu hayupo. Mpishi naye ametoa sandukuni kitabu cha marehemu dada yake, hajawahi kumwonyesha mtu. Tutakisoma baada ya hiki.

Usifurahi sana, Mama. Wakishalala wao, mimi nabaki na yangu. Juzi nilipanda juu ya paa tunakoanika mashuka, nikakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Tuma fungu la nne.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu, mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili tu, roho haipo mahali pake.

Fungu la nne nilituma, nikakuandikia kwamba la mwisho nalizuia mpaka urudi nyumbani ulichukue kwa mkono wako. Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nashona mikono ya gauni kinyume, wateja wananitazama tu. Kila nikikumbuka lile paa, naacha cherehani nachungulia njiani.

Nilijifanya mjanja. Mtoto anazama, mimi namfichia kamba. Basi chukua, fungu la mwisho hili hapa. Sina kingine cha kukushikia. Nijibu neno moja tu, hata la kunitukana.

Na kama anayesoma hapa ni mmoja wa wenzake, nawaomba kama mzazi, msomeeni.

Mama yako


2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Niko hospitali, usiogope, mkono unaoandika ni wangu.

Nilianguka kazini kwa kutokula. Fungu la nne nililitoa tukalisoma, lakini barua zako nilizisukuma chini ya godoro bila kuzisoma, naona aibu kukwambia. Hii ya mwisho Msumari aliifungua, akaja kuniambia umetuma fungu la mwisho. Ulisema nisipokuandikia hutumi, na umetuma; nikajua hata wewe umeniachilia. Nikageukia ukutani.

Siku ya pili wakaja wote, mpaka nesi akauliza kama ni msiba. Wamelibeba lile fungu, hakuna aliyelisoma.

"Sheria ni sheria," Msumari akasema. "Hukuja kwetu, tumekuja kwako. Kaa, utusomee."

"Soma wewe."

"Mimi sauti yangu ya kuitia wateja wa nyanya. Kaa!"

Mpishi akaniinua, akaniegemeza kifuani kwake. Nikasoma. Sauti ilikuwa inakatika, wakawa wananisubiri. Tukafika pale mjane ameshika kitasa cha mlango, punda amegoma nyuma yake, nikafungua ukurasa, hakuna kitu. Mpishi akaikung'uta bahasha. Msumari akawatukana watu wa posta hadi babu zao. Mimi nikapitisha kidole pale karatasi ilipotoka. Haikuchanika. Imekatwa kwa wembe wako, imenyooka kama pindo la sketi.

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nesi akarudi, halafu nikalia, nikamtaja mwanangu kwa jina lake mbele yao. Walikuwa hawalijui. Wakalirudia mmoja mmoja.

Sijapona, sikudanganyi. Lakini jana nilikula, na leo asubuhi tena. Wenzangu wamenituma nije nijue kilichopo nyuma ya ule mlango, kisha niwaandikie. Mafungu mengine wameyazuia, wanasema hawaniamini. Daktari akiniruhusu, naanza safari.

Huo ukurasa usiutume, Mama. Hata nikikuandikia kukubembeleza, usiutume. Nakuja kusimama mbele yako.

Mwanao