Kamba Imeshatoka Mkononi

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Mlali. Vumbi mpaka kwenye meno. Leo nimefanya mambo! Maksai wanne wa baba mdogo Nathanaeli wameuzwa — bila mnada, bila dalali, bila ushuru. Mnunuzi ni Alfonce, yule wa lori niliyemjua kwenye maonyesho ya Nanenane. Kalipa kwa koini, ile sarafu changa ya mtandaoni ninayoiweka kwenye simu. Baba mdogo hana habari na koini. Ana habari na nyonga ya mama mdogo Zipora. Upasuaji ni Jumatatu ya tarehe 25. Wiki ijayo nazigeuza shilingi, hospitali inalipwa.

Kefa wa ofisini aliniambia nisubiri uthibitisho thelathini wa mtandao. Saa nzima! Mgeni keshakunywa uji, kasimama juani, lori linanguruma. Aibu. Simu ikalia. Baba mdogo akauliza, "Meseji imeingia?" Nikasema imeingia. Akampa Alfonce kamba. Kwetu kamba ikishatoka mkononi, ng'ombe si wako tena, hata ulie.

Uthibitisho ulikuwa mmoja. Lakini meseji ikiingia si imeingia?

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani mama mdogo katoa shukrani, kanitaja kwa jina. Kichwa kikavimba kidogo.

Saa kumi jioni nimefungua simu. Salio sifuri. Nikazima, nikawasha. Sifuri. Labda ni network ya huku.

Jumatatu, 18 Agosti

Mtumba, ofisini. Kazi sikufanya. Kefa kaiangalia simu, kisha kaeleza taratibu kama anayeleta taarifa ya msiba. Koini zinaandikwa kwenye daftari ambalo kompyuta nyingi zinalinakili, ukurasa baada ya ukurasa. Zikitokea nakala mbili, inafuatwa iliyo ndefu. Mtu mwenye mashine za nguvu kaandika kurasa zake pembeni, kimya kimya, na humo koini zile zile kajilipa mwenyewe. Alipozitoa kurasa hizo, nakala yake ikawa ndefu kuliko yetu. Ukurasa wenye malipo yangu ukatupwa. Kwa koini kubwa ni kazi ngumu. Kwa hii changa, rahisi. Ndiyo maana ya kusubiri — kila ukurasa unaoongezeka juu ya wako unamzidishia mwizi kazi.

Nikauliza nani anaweza kuurudisha.

"Hakuna, dada Asnath. Daftari halijaharibika. Limefuata kanuni yake."

Hapo ndipo nilipolia. Ingekuwa hela ya simu ningepiga huduma kwa wateja, nigombane na mtu. Hapa hata wa kugombana naye hakuna.

Alfonce hapatikani.

Jumatano, 20 Agosti

Polisi. Wamenisikiliza vizuri. Afande kauliza namba ya wakala. Hakuna wakala. Kampuni? Hakuna. Nikamwonyesha ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu wa muamala, akaunakili wote, maskini, kwa kalamu. Namba ya lori sikuandika. Mnadani wangeiandika, na kibali cha mifugo kingekuwepo. Mjanja mimi!

Nimefikiria mkopo — mshahara wangu hauna pa kukatwa tena.

Baba mdogo kapiga mara mbili. Sikupokea. Namwogopa mtu aliyenilea.

Ijumaa, 22 Agosti

Asubuhi nimepokea simu yake. Nikasema, baba mdogo, zile hela — akanikatiza. Wapo stendi!

Sasa wako sebuleni kwangu. Nimewaamkia, nikawapa chai, nikakimbilia chumbani, eti natafuta chaja. Mama mdogo kajinyoosha kwenye kochi. Kaja na kanga mbili mpya za kuvaa wodini. Kaniuliza kama madaktari wanakubali aingie na Biblia. Nikasema wanakubali.

Wamekuja na jirani yao, mzee Petro. Ana maksai sita, anataka nimuuzie vile vile, kwa simu. Baba mdogo ndiye aliyemshawishi, njia nzima.

Namsikia mzee akiuliza meseji huchukua muda gani. Baba mdogo kamjibu kwa niaba yangu: dakika mbili tu, huyu binti hababaishi. Wanacheka. Mama mdogo naye anacheka, na anaguna kwa maumivu.

Wananiita. Nimesema naja. Nimeshika kitasa, na sijui nianze na nani kuwaambia kwamba hela hazipo.